Kungoja Palolo

Seremala hushika randa kila siku ya kazi. Mwashi hupanga matofali mwaka mzima, na kosa la leo hulirekebisha kesho. Mvuna palolo wa Samoa hana nafasi hiyo. Kazi yake huja mara moja kwa mwaka, alfajiri mbili au tatu zinazofuatana, saa chache kila alfajiri, na jua likishachomoza imekwisha mpaka mwaka mwingine. Bibi aliyeanza kushika wavu akiwa na miaka 10, na sasa ana 70, ameona misimu 60. Ukizijumlisha saa zote alizosimama majini akiteka, hazizidi sana siku 10 za usiku na mchana. Hata hivyo, ukimwona anavyofanya, hutasita kumwita fundi. Ni ustadi gani huu, unaokomaa kwa kazi ya siku 10 katika umri mzima wa mtu? Kwa ninavyoona mimi, kuteka ni sehemu ndogo tu ya kazi yenyewe. Iliyobaki ni kuhesabu, kunusa, kutazama maji na kungoja, na hiyo haina likizo.

Palolo ni mnyoo wa baharini, na huliwa. Najua wako watakaokunja uso. Pwani yetu mnyoo wa mchangani huchimbwa kwa ajili ya chambo, na hakuna anayemtia sufuriani. Lakini mtu wa Bukoba au wa Uganda atanielewa upesi, kwa sababu anajua maana ya kuutazama msimu wa senene, kuwasha taa usiku na kukesha mpaka wadudu washuke. Vyakula vya namna hii haviuzwi kila siku sokoni. Huja vyenyewe kwa wakati wake, na asiyejua wakati huo hali.

Wataalamu humwita Palola viridis. Makazi yake ni ndani ya mwamba, kwenye nyufa na vishimo vya matumbawe makuukuu, na huko hukaa mwaka mzima bila mtu kumwona. Msimu wa kuzaa unapokaribia, sehemu yake ya nyuma huanza kubadilika. Hurefuka, ikawa nyembamba kama tambi, na pingili zake hujaa mayai au mbegu za kiume. Kila pingili huota doa dogo linalohisi mwanga. Za kike huwa na rangi ya kijani inayoelekea buluu, za kiume hudhurungi. Usiku wake ukifika, sehemu hiyo hukatika na kupanda juu, ikiogelea yenyewe bila kichwa wala kinywa. Mwenye kichwa hubaki shimoni, mzima wa afya, akaanza kuotesha mkia mpya. Kwa hiyo kinachoingia ndooni ni mkia uliojaa mayai, na mnyoo mwenyewe yuko chini mwambani.

Jambo hilo liliwasumbua sana wataalamu wa Ulaya. Mmisionari mmoja aliyekuwa Samoa, John Bair Stair, alipeleka London sampuli za palolo, na mwaka 1847 John Edward Gray wa Makumbusho ya Uingereza akamwandika mnyoo huyo na kumpa jina la kitaalamu. Lakini walichokuwa nacho mezani kilikuwa mikia mitupu. Ilibidi ifike miishoni mwa karne ya 19 ndipo watafiti walipovunja mawe ya matumbawe, wakakuta vichwa ndani na kuunganisha habari. Muda wote huo watu wa Samoa walikuwa wakihesabu siku, wakaenda baharini na kurudi na ndoo zimejaa. Hata sehemu ya mwaka wao ya mvua huitwa vaipalolo, yaani imeshika jina la mnyoo huyu.

Hesabu yenyewe ndiyo ninayoistahi kuliko yote, na msomaji wa pwani ataifuata vizuri kwa sababu tumelelewa na mwezi. Palolo hupanda siku ya saba hivi baada ya mwezi mpevu wa Oktoba au Novemba, mwezi ukiwa umebaki nusu. Kwa hesabu yetu hiyo ni tarehe 21 au 22 ya mwezi mwandamo. Mvuvi wa Kilwa au wa Lamu anajua maji ya siku hizo: bamvua imepita, ni maji mafu, bahari haijai sana wala haitoki sana, na mkondo umelegea. Yai likiachwa kwenye maji ya namna hiyo haliburutwi mbali kwa haraka. Sishangai kwamba kiumbe anayetaga majini ameuchagua wakati huo.

Tatizo ni kujua mwezi upi. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Ndiyo maana Ramadhani yetu husogea nyuma kila mwaka, ikazunguka masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Palolo hazunguki hivyo. Tuseme mwaka huu amepanda tarehe 28 Oktoba. Mwakani atapanda karibu na tarehe 17. Mwaka wa tatu hesabu ya mwezi ingemleta tarehe 6, lakini hiyo ni mapema mno. Huiacha robo hiyo ya mwezi, akangoja inayofuata, akatokea tarehe 5 Novemba. Yaani katika kila miaka miwili au mitatu huongeza mwezi mzima, ili asiachane na jua. Pwani yetu kazi hii tuliigawa kwa kalenda mbili, ya mwandamo kwa ibada na ya jua, ile ya Nairuzi, kwa kilimo na safari za majahazi. Fundi wa palolo lazima azishike zote mbili kichwani kwa wakati mmoja. Kuna miaka ya mashaka pia, ambapo palolo hujigawa, wachache wakapanda Oktoba na wengine Novemba. Hapo ndipo kumbukumbu ya wazee inapopata kazi, kwa sababu aliyeona misimu 60 ameshaiona miaka ya namna hiyo zaidi ya mara moja.

Hesabu haiachwi peke yake. Fundi huitafutia mashahidi. Shahidi wa kwanza ni mti. Wasamoa huuita moso'oi, na ni huu huu mlangilangi tulio nao Unguja, Pemba na Komoro, wenye maua ya manjano yaliyolegea na harufu nzito ya jioni. Ukichanua kwa wingi, watu huanza kushona nyavu. Shahidi wa pili ni anga. Wazee husubiri mvua, radi na vimulimuli vya umeme vya mwanzo wa msimu. Wa tatu ni bahari yenyewe. Karibu na siku zenyewe, maji ya ndani ya mwamba hufanya povu la rangi ya kahawia, na harufu yake hufika mpaka barabarani. Siku ya povu ina jina lake, salefu. Inayofuata, palolo wachache wanapoanza kuonekana, ni motusaga. Baada yake ni tatelega, siku ya kuteka kwa wingi. Jamii iliyozipa majina siku tatu za mwaka, moja baada ya nyingine, kwa ajili ya mnyoo, inajua inachokifanya.

Siku ya salefu nyumba zote za ufukweni zina shughuli. Chombo kikuu ni wavu wa mkono. Zamani walitumia vikapu vya kusukwa na nyavu ndogo za nyuzi, na siku hizi kitambaa cha chandarua cha mbu ndicho kinachopendwa. Hukatwa mduara, kikashonwa kwenye pete ya waya mzito au kijiti kilichokunjwa, pamoja na mpini mfupi unaotosha mkono mmoja. Mwenye kujua hauachi mfuko uwe mrefu. Palolo wakirundikana chini ya mfuko mrefu hupondana wenyewe kwa wenyewe kabla hujawafikisha kwenye ndoo. Pindo hushonwa kwa nje, ili ndani kusiwe na uzi wa kunasa chochote. Matundu ya kitambaa nayo yana kipimo: yakiwa makubwa, mkia hupenya na kukatika, yakiwa madogo kupita kiasi, wavu hubeba maji mazito, mkono ukachoka kabla ya alfajiri. Pembeni huwekwa ndoo, sufuria, taa na tochi. Na watu wengi hujivika mashada ya moso'oi shingoni, kwa imani kwamba palolo huvutwa na harufu nzuri. Iwe anaisikia au haisikii, ni mnyoo gani mwingine anayefuatwa na watu waliojipamba hivyo?

Saa ya kupanda haiko sawa kila kisiwa. Kule Manu'a, mashariki kabisa, palolo hutokea mapema usiku, karibu na saa nne. Tutuila ni baada ya saa sita, yapata saa saba za usiku. Upolu na Savai'i ni karibu na saa kumi na moja alfajiri. Visiwa hivi si mbali sana kimoja na kingine, mwezi wao ni mmoja na bahari ni moja, lakini kila mwamba una saa yake. Ndiyo maana ujuzi wa kazi hii hauhami kirahisi. Fundi wa Tutuila akihamia Savai'i inabidi akae na wenyeji na kujifunza upya.

Tuwafuate hawa wa Upolu. Huondoka nyumbani usiku mkubwa, wengine kwa miguu juu ya mwamba, wengine kwa paopao, mtumbwi mdogo wenye mrengu mmoja. Kila ukoo una mahali ulipozoea, karibu na mlango wa mwamba au kwenye kidimbwi chenye matumbawe mengi. Nusu ya mwezi iko juu tayari. Taa huinamishwa karibu na maji. Kisha watu hungoja, na kungoja huku kuna utaratibu wake. Maji hayachezewi. Mtu hasogezi miguu ovyo, kwa sababu mchanga ukitibuka hutaona kitu. Fundi hutazama palepale mwanga unapoishia, kwenye ukingo wa giza, kwa kuwa uzi mmoja unaoogelea huonekana vizuri zaidi hapo kuliko katikati ya mwanga.

"Bibi, bado?" mtoto huuliza.

"Bado."

Kisha hutokea mmoja. Ni uzi wa kijani usiozidi unene wa kijiti cha ufagio, unajikunja na kujikunjua, unageuka kuelekea taa. Asiyejua huuvamia. Fundi huuacha upite. Mmoja ni habari tu, na wavu ukitiwa mapema hutawanya wale wanaokuja nyuma yake. Baada ya muda wanakuwa watatu, kumi, halafu hawahesabiki tena, na uso wa maji ulio chini ya taa unageuka kuwa zulia zito la kijani na hudhurungi, lote likienda.

Hapo mikono huanza kazi, na hapo ndipo unapomtambua mwenye miaka mingi. Mgeni husukuma wavu mbele kwa nguvu, maji yakaruka, akainua nusu ya kilichokuwemo. Bibi huuzamisha wavu ubavu, polepole, nje kidogo ya kundi. Huupitisha chini yao na kuuinua moja kwa moja, mdomo wa wavu ukitazama juu, mpaka pete itokeze juu ya maji kiasi cha vidole viwili. Hapo husimama kidogo. Maji hutoka yenyewe kupitia kitambaa, na palolo hubaki wamelala bila kukatika. Hautikisi wavu wala haukamui. Huugeuza nje ndani juu ya ndoo yenye maji kidogo ya bahari, akausuza hapo hapo na kuurudisha. Mkia huu ni ngozi nyembamba iliyojaa mayai. Ukibanwa hupasuka, na ukipasuka utamu wote unabaki baharini. Kwa hiyo uzuri wa mkono hupimwa ndoo ikifika nyumbani. Ya mgeni ni uji wa kijani. Ya bibi ni nyuzi nzima, kila moja peke yake, bado zinajisokota.

Namna hiyo ya kuinua wavu na kuungoja utoe maji nimeiona kwa kina mama wa pwani yetu wanaotanda uduvi kwa kitambaa, wawili wawili, wameshika ncha. Hakuna aliyemfundisha mwenzake ng'ambo ya bahari mbili. Viumbe vidogo laini humfundisha kila anayewavua adabu ile ile.

Jua likikaribia, mikia iliyobaki majini huanza kupasuka yenyewe. Mayai na mbegu humwagika, maji yakawa mazito na kupoteza uangavu wake, na katika muda mfupi zulia lote limeyeyuka. Ndiyo kuzaa kwenyewe. Hakuna haja ya amri ya mtu kusimamisha uvuvi, kwa sababu hakuna tena cha kuvua. Kilichotekwa ni sehemu tu, na kilichobaki kimekwisha kufanya kazi yake.

Nyumbani mbio huanza upya, maana hata ndani ya ndoo palolo hawakai. Baadhi ya watu wameshakula kule kule mwambani, wabichi, kwa vidole. Nyumbani humiminwa juu ya kitambaa safi ili maji ya chumvi yachujike, zikaokotwa takataka na vipande vya mwani. Kisha kikaango. Vitunguu hukaangwa kwa siagi mpaka vilainike, palolo wakafuata, wakageuka kijani kilichoiva, na wengine huvunjia mayai ya kuku juu yake. Chumvi haiongezwi ovyo, bahari imeshaitia. Namna ya zamani ni ya umu, tanuri la mawe ya moto: palolo huchanganywa na tui, wakafungwa ndani ya majani na kufunikwa juu ya mawe mpaka waive pamoja na taro na shelisheli. Huliwa hata kwa mkate, wamepakwa juu yake. Ladha yake husimuliwa kuwa ya mayai ya samaki yaliyokutana na mwani.

Lakini kabla ya kula kuna kugawa, na hilo nalo lina mpangilio. Kuna fungu la wazee na matai, wakuu wa koo. Kuna la mchungaji. Kuna la ndugu wa bara ambao hawana mwamba, na siku hizi kuna vifurushi vilivyogandishwa vinavyopelekwa kwa jamaa New Zealand. Sokoni Apia palolo huuzwa kwa bei kali, na sidhani kama kuna anayelalamika. Mtu hununua usiku wa wenzake.

Wasamoa hawako peke yao. Fiji huita mnyoo huyu balolo, na miezi ya Oktoba na Novemba katika kalenda yao ya asili ni ya balolo mdogo na balolo mkubwa. Lombok, nchini Indonesia, Wasasak, ambao ni Waislamu, hukesha ufukweni kila Februari au Machi kuvua nyale, minyoo wa jamii hiyo hiyo, wakisimulia habari za binti mfalme Mandalika aliyejitosa baharini ili wana wa wafalme wasipigane kwa ajili yake. Lakini anayenivutia zaidi ni kuhani wa Kodi, magharibi mwa kisiwa cha Sumba, aitwaye Rato Nale. Mwanaanthropolojia Janet Hoskins aliandika habari zake kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1993. Kazi yake ni kuushika mwaka: kutaja majina ya miezi, kujua ni lini uongezwe mmoja, na siku zinapokaribia kukaa ndani ametulia bila kuzurura. Alfajiri minyoo hukaguliwa ufukweni. Wakiwa wanene na wazima, mpunga utastawi. Wakiwa wamekatikakatika, watu hujiandaa kwa mwaka mgumu. Baada ya hapo ndipo wapanda farasi huingia uwanjani kwa Pasola, mchezo wa kurushiana mikuki ya mti. Farasi ndio wanaopigwa picha na watalii. Mimi ningependa kumwona yule mzee aliyekaa ndani akihesabu.

Yote haya yanasimama juu ya mwamba. Palolo hana makao mengine. Matumbawe yakifukiwa kwa udongo wa ujenzi au kuvunjwa, hakuna hesabu ya mwezi itakayomrudisha. Samoa mabaraza ya vijiji, yaitwayo fono, yana nguvu ya kisheria ya kuweka kanuni za uvuvi katika maji yao, na ukingoni mwa mji wa Apia kuna hifadhi ya bahari inayoitwa Palolo Deep. Wenye ujuzi huu wanajua unatunzwa wapi.

Nawe msomaji, ukijaaliwa kufika Upolu au Savai'i mwezi wa Oktoba, usiulize tarehe kwa watu wa hoteli. Uliza mwezi ulipevuka lini, uhesabu siku saba, kisha umtafute mzee wa kijiji akuambie kama mlangilangi umeshachanua. Akikuruhusu kwenda naye, chukua wavu mfupi, simama pale anapokuonyesha, na wa kwanza akitokea mwache apite.